Rangi Aliyoiona Mzee Rangi

Watu walianza kumwita Mzee Rangi hata kabla hajawa mzee. Jina lilitoka kazini, kwenye jumba la kusafisha picha ambako aliingia akiwa kijana mwembamba na kutoka akiwa na mvi. Enzi hizo watu walileta filamu katika vikopo vidogo, wakaandikisha dirishani, wakarudi baada ya siku kadhaa kuchukua bahasha yao. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta, asikoonekana. Picha ya majaribio ilipotoka mashineni ingali na joto, aliinyanyua kwenye taa, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu, akasema, "Nyekundu imezidi," au, "Mpunguzieni kijani huyu bwana, si mgonjwa." Wenzake walirekebisha bila kubisha. Kipimo chake kilikuwa macho tu, na macho hayo ndiyo yaliyojenga nyumba na kusomesha watoto wawili.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia. Hakununua uzi bila kumwonyesha mumewe kwanza. "Hebu njoo uone kama vinaoana," angemwita, naye angeacha sahani mezani, akatoka na uzi na kitambaa mpaka mlangoni penye mwanga wa kweli. Akisema havioani, uzi ulirudi dukani siku hiyo hiyo.

Kisha watu wakaacha kupiga picha za filamu. Jumba la picha halikufungwa kwa kishindo, lilinyauka. Leo mashine hii imezimwa, mwezi ujao fundi yule ameambiwa asubiri nyumbani. Mwishowe mitambo iliuzwa kama vyuma chakavu, na Mzee Rangi akarudi kwake na koti la kazi mkononi. Alikaa nyumbani akimkosoa mkewe namna ya kutundika nguo kwenye kamba, mpaka mkewe akasema wazi mbele ya watoto, "Mtafutieni baba yenu kazi, la sivyo nitahama mimi."

Aliyemtafutia kazi ni binti yake, mtoto wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Yeye alikuwa amefanya kazi kwenye maduka ya picha ya kisasa, anajua kamera za kidijitali na kompyuta. Wakapanga chumba kimoja katikati ya saluni na duka la vipuri vya baiskeli. Pazia jeupe nyuma, taa mbili, kiti cha wateja, na kwenye kona meza yenye kompyuta. Mpango ulikuwa baba apige picha, binti azirekebishe. Lakini wateja walipoongezeka, Kitinda akaona kazi inamlemea.

"Baba, itabidi na wewe ujifunze hii programu."

"Mimi? Mama, nimefika umri huu sijawahi kushika panya."

"Ni kipanya, baba. Na hakiumi."

Alimwita binti yake "mama" kwa sababu alirithi jina la bibi yake, na pia kwa sababu, kama alivyopenda kusema, ndiye aliyekuwa akimtuma.

Siku za kwanza zilikuwa za aibu. Kishale kilimkimbia kwenye kioo, alibofya pasipobofywa, picha ikapotea, akapandisha sauti kama mtu aliyeibiwa. Programu yenyewe ilikuwa na safu ndefu ya vitelezi upande wa kulia, vile vidude unavyovisogeza kushoto au kulia ili kuongeza mwanga, kupunguza kivuli, kupasha rangi joto ielekee manjano au kuipoza ielekee bluu. Vilikuwa vingi mno. Ndipo Kitinda akamwekea priseti. Ndivyo wenye kazi wanavyoiita mipangilio ambayo mtu ameshaipanga na kuihifadhi: unabofya jina lake mara moja tu, na vitelezi vyote vinakwenda mahali pake vyenyewe. Alimtengenezea chache na kuzipa majina mepesi: Ndani, Jua Kali, Harusi, Pasipoti.

Mzee alibofya Ndani. Picha ya mteja iliyokuwa imefifia ikachangamka papo hapo. Akajiegemeza kwenye kiti, uso umekunjamana.

"Hii ni kuvaa suti ya kuazima."

"Azima kwanza," Kitinda akamjibu. "Ukishaivaa, igeuze uone imeshonwaje."

Akamwonyesha. Weka priseti, kisha shuka kwenye ile safu, utazame kipi kimesogea na kimesogea kiasi gani. Kirudishe kimoja kwenye sifuri, uone picha imepoteza nini. Kirejeshe. Nenda kwenye kinachofuata. Ikikupendeza lakini imekolea mno, ipunguze nguvu. Mtu aliyewahi kupimia picha kwenye taa aliuelewa mchezo huo haraka kuliko hata Kitinda alivyotarajia. Baada ya muda alikuwa anaongea na vitelezi kama alivyoongea na wenzake wa zamani. "Wewe tulia hapo. Wewe rudi nyuma, nani kakuita?" Priseti nazo akazibadilisha majina kichwani mwake. Ile ya Harusi aliiita Mkwe Mpya, maana kila kitu kilikuwa na adabu kupita kiasi. Mkewe alipopita kuwaletea chakula, alimkuta mumewe anacheka peke yake mbele ya kioo. Akamwambia Kitinda kwa sauti ya chini, "Mungu akupe maisha marefu. Nyumba imepoa."

Yeye mwenyewe hakuyapata hayo maisha marefu. Aliugua tumbo, likachukuliwa kuwa jambo dogo, na lilipojulikana kuwa kubwa hakukuwa na la kufanya. Alifariki hospitalini, asubuhi, mumewe akiwa ametoka kwenda kumtafutia chai.

Baada ya mazishi, Mzee Rangi alitaka picha moja kubwa ya kutundika sebuleni. Kitinda alikuwa nayo. Aliipiga nyumbani bila kumtahadharisha mama: amekaa kwenye cherehani, uzi kati ya midomo, ameinua macho kutazama nani kaingia. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa kawaida, na picha ilihitaji marekebisho madogo tu.

"Niweke Ndani, kisha tupunguze kidogo?" Kitinda aliuliza.

Baba yake akauondoa mkono wa binti kwenye kipanya taratibu. "Mama yako hatawekewa cha tayari. Huyu nitamfanya mwenyewe."

Alimfanya kwa siku nyingi. Alisogeza kitelezi hiki nukta moja, akaondoka, akarudi, akakisogeza tena. Kila mara alilalamika kwamba uso umekuwa wa manjano, kama umewekewa taa ya mafuta, na kila mara akausukuma kuelekea bluu. Picha ilipochapwa na kuwekwa kwenye fremu, Kitinda aliitazama. Mama yake alikuwa na rangi ya mtu aliyetolewa kwenye maji baridi. Midomo ilikuwa ya zambarau. Hata ukuta nyuma ya cherehani, ambao ulikuwa wa rangi ya maziwa, ulionekana kama barafu.

Baba yake alikuwa amesimama mbele ya fremu, machozi yanamlenga. "Ndiye. Ndiye kabisa."

Kitinda alidhani ni majonzi. Alidhani baba yake amependa kumweka mkewe katika rangi ile, rangi ya siku ile ya hospitali, na nani atamwambia mfiwa namna ya kuomboleza? Ndugu walikuja, wakaitazama, wakasema, "Picha kubwa," wakaomba maji. Shemeji wa mzee, mdogo wa marehemu, alisimama mbele ya picha kidogo tu, akajifunika uso kwa mtandio na kutoka nje. Mzee aliona amechomwa na kumbukumbu. Toka siku hiyo shemeji hakukanyaga tena nyumba ile. Akialikwa, alikuwa na udhuru.

Mambo yalianza kuharibika studioni pole pole. Mzee alikuwa ameshajiamini. Alianza na priseti kama alivyofundishwa, kisha akaanza kuisahihisha. Kitinda alipokagua kazi kabla ya kuchapa, alikuta kitelezi cha joto la rangi kimevutwa kwenye bluu, akakirudisha bila kusema. Siku ya pili vivyo hivyo. Ikawa mmoja anajenga na mwingine anabomoa, mpaka siku moja Kitinda aliposafiri kwenda kwa kaka yake, na baba akachapa albamu nzima ya familia moja bila yeye kuwepo.

Mwenye albamu alikuwa mama mmoja mpole, mwalimu wa chekechea. Aliirudisha Kitinda akiwa amesharejea, akaifungua juu ya meza kwa uangalifu kama anayeogopa kumuumiza mtu.

"Samahani, mzee wangu. Sijui mimi ndiye sioni vizuri. Lakini wanangu mbona wamekuwa kama wanasikia baridi?"

Mzee Rangi alivuta albamu, akapindua kurasa. "Mama, hizi ziko sawa. Karatasi za siku hizi ndizo zinawadanganya watu."

"Baba," Kitinda akaingilia, "tutazichapa upya. Mama, naomba utuachie hadi kesho."

Yule mama alipotoka, mzee alibamiza kiganja mezani. "Umenivua nguo mbele ya mteja!"

"Baba, ni za bluu."

"Nilikuwa napima rangi wewe hujazaliwa! Hivyo vipriseti vyako vinamfanya kila mtu awe na homa ya manjano, mimi nawatibu, wewe unaniambia bluu?"

"Zitazame basi vizuri!"

"Nimezitazama!"

Kwenye saluni ya jirani mashine ya kukaushia nywele ilizimwa, na ilikuwa wazi kwamba wanasikilizwa. Kitinda alichomoa karatasi kutoka kwenye bunda jipya la printa, karatasi tupu, akamwekea baba yake mbele. Hakuwa na nia ya kumpima. Alitaka tu kumwekea rangi za albamu kando ya kitu kisicho na ubishi.

"Hii karatasi, baba. Ya rangi gani?"

"Si karatasi zako hizi za bei nafuu? Za manjano."

"Ya manjano?"

"Manjano kidogo. Kama ilikaa stoo."

Kitinda akatazama karatasi. Ilikuwa nyeupe, ndiyo kwanza imetoka kwenye ganda lake. Akachukua leso yake mfukoni, nayo nyeupe. "Na hii?"

"Vivyo hivyo. Hebu ifue." Kisha mzee akamwona mwanawe usoni. "Kuna nini?"

Alimjibu, "Hakuna kitu, baba. Funga studio, tutoke," lakini sauti ilikuwa imeshamsaliti. Mzee alinyanyua karatasi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, kama alivyokuwa akienda na nyuzi za mkewe. Alisimama pale kwa muda. Aliporudi alikuwa ameikunja mara nne, ndogo kabisa.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Alisema mtoto wa jicho amejaa macho yote mawili, na kwa muda mrefu, ndiyo maana kila kitu kilikuwa kikipita kwenye kioo cha manjano. "Hilo halinitishi, linatolewa. Kinachonitisha ni presha ya macho. Mshipa wa jicho la kushoto umeshaliwa sehemu kubwa. Wa kulia umeanza."

"Ulioliwa utarudi?" mzee aliuliza.

"Haurudi, baba. Tutajitahidi kuulinda uliobaki."

"Mimi ni fundi picha."

Daktari aliacha kuandika, akamtazama. "Pole sana," alisema.

Walimpasua jicho la kulia. Siku ya kufungua bandeji alikaa kitandani akashangaa shuka, lilivyokuwa jeupe mpaka likamuumiza. Njiani kurudi nyumbani alichangamka kama mtoto, anamwonyesha Kitinda vitu ambavyo Kitinda alivipita kila siku. "Lile lango ni la bluu! Nilidhani la kijivu. Na yule bwana, tazama shati lake, tazama!" Kadiri alivyochangamka ndivyo Kitinda alivyozidi kuogopa kufika. Asubuhi ile alikuwa amesimama sebuleni na kiti, tayari kuishusha ile fremu, akashindwa. Ataificha wapi sura ya mama yake? Chini ya kitanda?

Mzee aliingia, akavua viatu, akainua macho ukutani.

Kitinda alibaki mlangoni. Alimwona baba yake akisogea, akafumba jicho la kulia, akafumbua, akafumba la kushoto, akafumbua.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu ulipoitundika, baba."

"Na watu walikuwa wanaingia humu."

"Ndiyo."

"Wakaona."

"Waliona."

"Na shemeji yangu." Hilo hakuliuliza. Akakaa kwenye kochi, mgongo kwa ukuta. "Na wewe, mama, ukaniacha?"

"Nilidhani ni majonzi, baba. Nilidhani ndivyo ulivyotaka."

Mzee Rangi alilia. Siku ya mazishi alikuwa amejikaza kwa sababu ya watu. Sasa hakukuwa na watu. Alilia kwa sauti nene, isiyomfaa, mikono imelala mapajani. "Nimemzamisha," alikuwa akisema. "Nimemtundika hapa akiwa amezama, na mimi nakula chakula hapa chini yake." Kitinda alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake.

Kesho yake walikwenda studio kabla ya kufungua. Programu ile haifuti picha ya asili. Chini ya marekebisho yote, picha huwa imelala kama ilivyopigwa. Kitinda akabofya kuirudisha mwanzo, kisha akainuka kwenye kiti. "Kaa wewe."

Mzee alikaa. Alishika kipanya, akashuka kwenye safu ya vitelezi, akasita. Halafu akapandisha kishale hadi kwenye orodha ya priseti na kubofya Ndani.

Mkewe akarudi. Ngozi ya kahawia yenye mng'ao wa jasho kwenye paji, hereni ndogo za dhahabu, ukuta wa rangi ya maziwa, uzi mwekundu kati ya midomo. Macho yameinuka, nani huyo kaingia.

"Hapo shingoni pana giza kidogo," Kitinda alisema. "Si utapaongezea mwanga?"

"Niache." Alikuwa hajauondoa mkono kwenye kipanya. "Kumbe ilikuwa kubofya mara moja tu. Siku zote zile."

Walichapa upya. Shemeji alipopelekewa habari alikuja jioni, akaingia kwa woga kama mtu anayeingia wodini, na alipoitazama picha aliketi mkekani na kuanza kumzungumzia dada yake, vituko vyake vya utotoni, mpaka chakula kikapoa. Alikuwa na mengi. Alikuwa ameyaweka mwaka mzima.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikaa sawa. Kwa muda yalikaa. Mzee alirudi kwenye kompyuta, na safari hii aliweka priseti na kuiacha kama ilivyo. Kitinda akimwambia picha fulani inahitaji kuguswa, alisema, "Iguse wewe." Hakusema kwa uchungu. Lakini utani wake na vitelezi uliisha, akawa anabofya tu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegonga mihuri.

Matone ya dawa aliyatia kila siku bila kukosa. Hata hivyo jicho la kulia likaanza kufuata la kushoto. Halikufifia katikati, lilipungua pembeni, kama mlango unaofungwa polepole. Alianza kugonga bega kwenye fremu za milango. Akapiga picha za maharusi akamkata bwana harusi nusu, akadhani wote wamo. Wenyewe walicheka, wakasema wapigwe tena. Yeye akaivua kamera shingoni, akamvisha Kitinda, akamnyooshea na ukosi wa blauzi mahali mkanda ulipoukunja.

"Piga wewe, mama. Mimi nitawakalisha."

Akawa wa kukalisha wateja. Aliwanyoosha mabega kwa mikono, akawaambia wasimeze mate wakati wa kupiga, akawachekesha watoto. Kazi hiyo ilimfaa kwa msimu mmoja hivi. Kisha Kitinda akachumbiwa na mtu wa mji mwingine, mtu mzuri, na akataka kukataa. Baba yake alikasirika kweli. "Nimepoteza macho, sijapoteza akili. Unataka nikushike mguu mpaka lini?" Studio ikafungwa. Kompyuta aliondoka nayo Kitinda, pazia jeupe likachukuliwa na wa saluni.

Mzee Rangi alihamia kwa mwanawe mkubwa. Huko hapungukiwi na kitu. Asubuhi hukaa barazani, na watu humsalimu, naye huwajua kwa sauti. Picha ya mkewe imo chumbani kwake. Ameomba itundikwe chini, usawa wa mtu aliyekaa.

Juzi Kitinda alituma picha kwenye simu ya wifi yake. Wifi huyo, mkwe wa mzee, akampelekea mzee barazani, akarudi kwenye nguo alizokuwa akianika. Mzee aliishika simu karibu na pua, akaisogeza kulia, akaisogeza tena, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanga umekaa vizuri," alisema.

Mkwe akageuka, kibanio mdomoni. "Baba, kioo kimezima."

"Kimezima?"

"Kimezima muda. Lete." Akaja, akakiwasha, akataka kumrudishia, lakini mzee alikuwa ameshaiweka mikono mapajani.

"Niambie wewe kuna nini."

Mkwe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akajikuna. "Ni mtoto wa Kitinda, baba. Amekaa. Amenenepa. Ana kofia."

"Kofia ya rangi gani?"

"Nyekundu." Akatazama tena. "Si nyekundu hasa."

"Ni ipi basi? Imeelekea chungwa, au imeelekea zambarau?"

Mkwe aliinamisha simu huku na huko kwenye jua, akaitazama, akatafuta neno, na mzee akawa anangoja, kichwa amekiinamisha upande.